Kontrola na Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza, na sifa zote ni zake, Yeye aliyeumba kinachoonekana na kisichoonekana, kisha akaniruzuku mimi na watoto wangu, miaka mingi, kutokana na hicho kisichoonekana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, watu wa nyumba yake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: wenzangu wa idara ya mitambo mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimestaafu juzi tu, na mke wangu hapa Riruta ameshachoka kuniona nikikagua soketi ambazo hazina tatizo lolote. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara mtawauliza watu wa utumishi. Mimi nitasema habari za kazi.

Nilizaliwa Mumias, na elimu yangu ya kwanza niliipata chuoni, kwenye mkeka. Maalimu wetu, ukikosea harufi moja, hakwambii umekosea wapi; anakwambia rudi mwanzo wa aya. Mitambo mingi niliyokutana nayo baadaye ilikuwa na tabia hiyo hiyo, ila maalimu alikuwa na huruma zaidi. Mtu akiniuliza nilisomea wapi subira ya kuandika amri mia moja kwenye kioo cheusi bila kukasirika, humwambia nilianza kabla ya kuona umeme.

Kazi ya waya nilifundishwa na Bwana Kuldip, Kalasinga mrefu aliyekuwa na karakana ya simu za ofisini katikati ya jiji, kwenye ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kushika hata bisibisi. Alinipa kiti mbele ya mtambo wa kuunganishia simu, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe sikia kwanza. Mkono ngoja." Nikakaa mpaka saa za kufunga, nikisikiliza mtambo ukigonga na kuachia. Jioni aliniuliza laini gani ina kasoro. Nilimwonyesha. Hakunisifu. Kesho yake alinipa bisibisi.

Alikuwa mtu wa dini yake nami mtu wa yangu. Ikifika adhuhuri alinishikia ngazi isihamishwe mpaka nimalize kuswali, nami nilijua siku anazokwenda hekaluni kwao sitamuuliza habari za kazi. Lakini desturi yake moja nataka muijue, kwa sababu bila hiyo habari ya mbele haitaeleweka. Bwana Kuldip hakutoboa ukuta wowote kabla ya kwenda kubisha hodi upande wa pili. Kama ni dari, alipanda ghorofa ya juu akawasalimu watu wa huko. Kama ni sakafu, aliteremka. Sababu yake ilikuwa ya kifundi tu: nyuma ya ukuta kuna bomba la maji, au kioo cha mtu, au mtoto amelala. Mara nyingi tulikaribishwa chai, na kazi ya saa moja ikatuchukua asubuhi nzima. Wateja walinung'unika. Yeye alinywa chai.

Bwana Kuldip alipofunga karakana akaenda kuishi kwa binti yake, niliajiriwa na kampuni ya bima kule Upper Hill, katika jengo la wapangaji wengi. Sisi tulikuwa na ghorofa ya nne hadi ya saba. Hapo ndipo nilipokutana na waifai.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili hatukuwa na kontrola. Kila kisanduku cha mawimbi pale darini kilijitawala chenyewe, kama kijiji kisicho na chifu. Ukitaka kubadilisha neno la siri, unachukua ngazi, unapanda kisanduku cha kwanza, unashuka, unahamia cha pili. Ukifika cha mwisho, mtu wa uhasibu ameshawapa wageni wake lile neno jipya. Visanduku vyenyewe havikuambiana kitu. Viwili vilivyokaa jirani vilichagua chaneli moja vikaongea kwa wakati mmoja, na wafanyakazi wakalalamika kwamba mtandao umelala. Haukuwa umelala. Ulikuwa unapiga kelele.

Kisha ikaja kontrola. Ninyi mmezaliwa mkiikuta, hamwezi kujua ilikuwa neema gani. Sanduku moja bapa kwenye chumba cha mitambo, na visanduku vyote vya darini vinakuwa masikio na midomo yake tu. Kinapowashwa, kisanduku hutafuta kontrola, hutoa kitambulisho, hupokea amri, kisha hufanya kazi. Tulipanga mitandao mitatu: wa wafanyakazi, wa wageni na wa simu za mkononi za mapokezi. Tuliwasha chaneli ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja peke yake, maana nyingine zinakanyagana miguu. Tukashusha nguvu za mawimbi, kwa kuwa fundi mgeni hudhani nguvu nyingi ndiyo kheri, kumbe nguvu nyingi ni kama mtu anayehubiri kwa kipaza sauti sebuleni kwako.

Ilitutesa pia, sitaficha. Wakati mmoja umeme ulikatika, betri nazo zikaisha, na uliporudi kontrola iliamka vizuri lakini hakuna kisanduku hata kimoja kilichoruhusiwa kuingia. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha swichi, tukasoma vitabu. Mwisho nikaangalia saa ya kontrola. Ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, hivyo kila kitambulisho ilichoonyeshwa ilikiona ni cha siku ambazo bado hazijafika, ikakikataa. Niliirekebisha saa, vikaingia vyote. Tangu hapo, mtambo wowote ukinikatalia bila sababu, kwanza naangalia saa yake. Jaribuni hilo hata kwa wanadamu.

Sasa nifike kwenye habari niliyokusudia.

Mkuu wetu wa usalama wa mitambo alikuwa Bwana Mutua, Mkamba mpole, mzee wa kanisa, mtu wa kusoma kila karatasi mpaka chini. Wakaguzi walikuja, wakaandika kwamba kampuni haina njia ya kuzuia visanduku vya kigeni, yaani mtu kuja na kisanduku chake mfukoni, akakichomeka chini ya meza, akafungua mlango ambao hatuujui. Hofu hiyo ni ya kweli. Kontrola ilikuwa na dawa yake. Ikisikia kisanduku kisicho chake, huamuru visanduku vyetu vitume ujumbe kwa kila kompyuta iliyoungana na kile kigeni, ujumbe unaosema: toka, umefukuzwa. Tena ujumbe huo hutumwa kwa jina la kile kile kisanduku kigeni, ili kompyuta iamini. Yaani ni kama mtu asimame mlangoni kwako, aigize sauti yako, awaambie wageni wako waende zao.

Ilibidi tuambie kontrola kipi ni cha ndani na kipi ni cha nje, isije ikawafukuza watu wa jengo la ng'ambo. Kanuni tuliyoipitisha kikaoni ilikuwa hii: kinachosikika kwa nguvu kiko ndani ya nyumba yetu, kizuiwe, kinachosikika kwa mbali ni cha nje, kiachwe. Ilikuwa kanuni nzuri. Ghorofa ya tatu chini yetu ilikuwa tupu, na ya nane juu yetu ilikuwa ghala la samani za mwenye jengo. Tukaijaribu, ikafanya kazi, wakaguzi wakatia sahihi, tukaisahau.

Baada ya muda ghorofa ya tatu ikapata mpangaji.

Nilimjua kwanza kwenye lifti. Mama wa makamo, amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, ameshika miwani mkononi kama mtu aliyetoka kugombana na karatasi. Aliona kitambulisho changu shingoni, akasoma jina langu la ukoo na la idara, akanisalimu, "Mulembe, baba." Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, nami ni wa Mumias, basi lifti ilifika chini tukiwa tunaulizana habari za nyumbani. Aliitwa Mama Nekesa. Ofisi yake ilipokea kwa mtandao sauti za madaktari wa ng'ambo, na wasichana wake wakaziandika. Mteja alikuwa bado anawapima. Mwenye jengo alimkataza kupitisha nyaya sakafuni kwa sababu ya vigae, kwa hiyo kila kompyuta yake ilitegemea waifai, na waifai ilikuwa inakatika tangu siku aliyofungua.

Hakuja kulalamika kwetu. Alikuja kunitafuta fundi.

"Nipatie mtu anayejua," alisema. "Wangu ameshindwa. Ijumaa namwachilia, arudi nyumbani tu."

Fundi wake aliitwa Barasa. Mama yake Barasa alimwomba Mama Nekesa kwenye matanga, mbele ya watu, amchukue kijana wake mji mkubwa ampe kazi. Kijana ni neno la mama tu. Barasa alikuwa na mke na watoto, na alikuwa ameshafanya kazi ya mitambo Eldoret. Lakini mtu akiombewa kazi matangani hawezi kuipoteza kimya kimya. Kijiji kizima kilisikia alivyopewa, kitasikia alivyonyang'anywa. Mama Nekesa mwenyewe aliniambia amekwisha kupiga simu nyumbani kuwatayarisha. Nilimwomba anipe ruhusa niteremke nimwone huyo fundi kabla hajatafuta mwingine. Akakubali, kama mtu anayekubali dawa ya mwisho.

Niliteremka kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Wasichana walikuwa wamekaa safu mbili, vifaa vya kusikilizia masikioni, miguu ikikanyaga kanyagio la kusimamisha sauti na kuiachia. Barasa alikuwa chini ya meza. Alitoka amejaa vumbi, akanipa mkono wa kushoto maana wa kulia ulikuwa na gundi.

"Mzee, nimebadilisha kisanduku mara mbili," aliniambia. "Nimebadilisha chaneli zote. Nimebadilisha pahali. Kila kitu hapa nimebadilisha isipokuwa mimi mwenyewe, na sasa ni zamu yangu."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Msichana mmoja aliyekaa karibu alinong'ona kwa mwenzake kwamba fundi siku hizi hata chai haguzi. Mama Nekesa alikuwa amemkemea mbele yao wote wiki hiyo, akimwambia amemwaibisha kwa mteja, na tangu siku hiyo walikuwa wakimwita kwa mzaha "Bwana Kesho", kwa sababu kila siku aliwaambia kesho itakuwa sawa.

Kazi yake niliikagua, haikuwa na doa. Ndipo nikafanya kama nilivyofundishwa: nikaketi nikasikiliza. Kwenye kompyuta yake Barasa alikuwa na programu ya kunasa mazungumzo ya angani, ambayo hakuwa ameitumia kwa muda kwa sababu, alisema, maandishi yake ni kama msitu. Tuliiwasha. Zikaonekana kwaheri nyingi, yaani amri za kutoka mtandaoni, moja baada ya nyingine, zote zikiwa na jina la kisanduku chake. Kisanduku kilikuwa kinazifukuza kompyuta zake chenyewe.

"Ndio nasema kimeharibika," alisema Barasa. "Vyote vitatu vimeharibika aje?"

Nilimwomba akichomoe umeme. Mama Nekesa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifungua mdomo akataka kunizuia, kisha akaacha. Kisanduku kikazimika, taa zake zikafa. Tukaangalia kioo. Kwa kitambo kidogo kwaheri ziliendelea kuja, kwa jina la kisanduku kilichokuwa kimelala mkononi mwa Barasa.

Aliniangalia, nikamwangalia. Akakiwasha tena, nikachukua kompyuta nikaanza kutembea nayo polepole. Karibu na dirisha zile kwaheri zilisikika hafifu. Katikati ya chumba zikaongezeka. Nilipofika kwenye ile kona ambayo juu yake, ghorofa ya nne, ndipo penye chumba chetu cha mikutano, zilikuwa na nguvu kuliko kisanduku cha Barasa chenyewe. Niliinua macho nikaangalia dari. Kisanduku chetu kilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa zege. Nilikifunga mwenyewe.

Hapo nilielewa. Kanuni yetu ilisema kinachosikika kwa nguvu kiko ndani ya nyumba yetu. Mama Nekesa aliposhusha mizigo yake na kuwasha kisanduku chake siku ya kwanza, kontrola ilikisikia kupitia sakafu, kwa nguvu, ikamhesabu kuwa mwizi aliyejificha chini ya meza zetu. Hakuwahi kupata siku moja njema. Na hakuna mtu miongoni mwetu aliyemjua, kwa sababu mawimbi hayahitaji kutobolewa ukuta. Kama tungekuwa tunapitisha waya, tungeteremka kubisha hodi, tungenywa chai, tungejua kuna jirani. Teknolojia ilitupunguzia kazi, na katika kazi iliyopunguzwa salamu nayo ikaenda.

Nilimwambia Barasa anipe muda hadi alasiri, asifunge mizigo. Sikumwambia zaidi. Jambo hilo halikuwa langu peke yangu kulisema. Nina mkubwa wangu, na adabu ya kazi ni kuanza kwake.

Bwana Mutua alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Tukafungua kontrola pamoja. Kisanduku cha ghorofa ya tatu kilikuwa hapo, kimewekewa alama ya kuzuiwa. Akainama, akashika kipaji chake.

"Tuzime sasa hivi," alisema. Tukazima. Nikamwambia nitashuka kuwaambia wenyewe. Akainua mkono.

"Mzee Rashid, ngoja. Itawaka, watafurahi, watasahau. Tukienda kusema, wakili wa kampuni atanikula mzima. Hiyo ni kufunga mtandao wa mtu. Kuna sheria."

Nilimwambia ni kweli, watafurahi, lakini hawatasahau. Watasema ilitengemaa siku Barasa alipotolewa.

"Si tumezima leo? Leo si Ijumaa."

"Itaonekana mimi ndiye niliyetengeneza. Nimeingia mchana, jioni imepona. Yule ataondoka na aibu yangu, mimi nibaki na sifa."

Akasema polepole kwamba kosa si la mtu, ni la mashine.

"Mashine haikukaa kikaoni," nikamwambia. "Tulikaa sisi."

Hakukasirika. Aliniambia nimwache afikirie. Mlango wa chumba chake ukafungwa, nami nikaenda kwenye kile chumba kidogo nyuma ya stoo ya karatasi, nikaswali alasiri. Tuliposoma chuoni tulifundishwa kwamba anayeuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambi, na tulifundishwa haki za jirani kwa urefu mpaka tukachoka kuzisikia. Sikuwa mtu wa kumhubiria Bwana Mutua. Alikuwa na Kitabu chake, na ndani yake jirani yumo pia. Nilimwomba Mwenyezi Mungu aulainishe moyo wake na wangu, kwa sababu nami, nisiwadanganye, nilikuwa najua wakili angeanza na nani akimaliza na Bwana Mutua.

Niliporudi nilimkuta amevaa koti.

"Twende," alisema. "Lakini wewe utaongea. Mimi nitasimama tu."

Niwape kwanza la kifundi, nisije nikalisahau kwa ajili ya maneno mengine. Kisanduku kusikika kwa nguvu hakutoshi kukihesabu kuwa ni cha ndani. Angalieni kama kimeunganishwa kwenye swichi zenu, kwenye waya wenu. Hapo ndipo kimeingia nyumbani. Kisichogusa waya wenu ni cha jirani, hata kikipiga kelele sikioni. Amri ya kuzuia isiachiwe kontrola ijitolee yenyewe. Iwe mkononi mwa mtu, na mtu huyo kwanza ateremke ngazi. Na mpangaji mpya akihamia jengo lenu, mwendeeni. Idara iliniona mzee wa mambo ya kale nilipoliandika hilo kwenye utaratibu. Liliandikwa hata hivyo.

Tuliteremka kwa ngazi. Wasichana walikuwa wanaandika, mtandao umetulia, na Mama Nekesa alikuja kutupokea kwa mikono miwili.

"Baba, umeniokoa," aliniambia. "Nilijua tu kuna mtu anayejua." Akamgeukia Barasa aliyekuwa amekaa pembeni, mfuko wake uko magotini. "Unaona?"

Nilimwambia Mama, sijaokoa chochote. Nikamweleza yote pale pale nikiwa nimesimama: kanuni, kikao, kisanduku cha juu ya dari, zile kwaheri. Nilisema kwamba kisanduku chake hakikuwa na ubovu, cha kwanza wala cha pili wala cha tatu, na kwamba fundi wake alifunga kila kitu kama inavyotakiwa. Hakuna fundi Nairobi hii angeweza kuiponya kwa kukaa ghorofa ya tatu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ghorofa ya nne.

Bwana Mutua alikuwa amesema atasimama tu. Lakini nilipomaliza alivua miwani, akasema, "Mama, ni sisi. Ninaomba msamaha. Nikitakiwa kuliandika nitaliandika."

Nilitazamia hasira ya Mama Nekesa, na alikuwa na haki nayo. Aliwaambia wasichana wavue vifaa vya masikioni. Wakavua wote. Kisha akamgeukia Barasa.

"Nilikukemea mbele ya hawa," alisema. "Basi wasikie na hili. Haikuwa wewe. Nilikukosea."

Barasa aliangalia mfuko wake. Alijibu kwa sauti ya chini.

"Asante, mama. Hawa wamesikia. Lakini nyumbani ulishapiga simu."

Nadhani wasichana hawakuelewa uzito wake. Mimi nilielewa, na Mama Nekesa alielewa. Alifungua mkoba akatoa simu, akaiweka mezani, akaibonyeza itoe sauti watu wote wasikie. Ilipokewa na mama yake Barasa, mtu mzima, kuku wakisikika nyuma yake. Wakasalimiana kwa Kibukusu kama desturi, afya, mvua, watoto, hakuna aliyekimbilia jambo. Kisha Mama Nekesa akamwambia kwamba neno alilolisema juma lile analirudisha. Kijana hakuharibu kazi. Kazi iliharibiwa na watu wa ghorofa ya juu, nao wako hapa, wamekuja wenyewe kusema. Na kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, awaombe pale pale nje wasimame kidogo, yeye atapiga simu tena, alirudie neno hili kwa wote waliolisikia lile la kwanza.

Upande wa pili palikuwa kimya. Nilidhani laini imekatika, na kwa mazoea nikaangalia dari.

"Huyo wa ghorofa ya juu yuko hapo?" mama aliuliza.

Nikajitambulisha, mimi mtoto wa Mumias. Akauliza ukoo wangu, nikamtajia. Akauliza kama ni mimi niliyemfungia mwanawe njia. Nikamwambia tulikuwa wengi, na mimi mmoja wao. Akavuta pumzi.

"Haya. Mmekuja kwa miguu yenu," alisema. "Sasa mpeni ale. Sauti yake juma zima ni ya mtu asiyekula."

Mama Nekesa alimtuma mmoja wa wasichana kwenye kibanda cha chakula kilicho nyuma ya jengo. Vikaja chapati, maharagwe na chai ndani ya chupa. Bwana Mutua akasema tutarudi ofisini, tusisumbue, lakini kiti kilikuwa kimeshavutwa. Barasa aliusogeza mfuko wake chini ya meza, akanawa mikono kwenye beseni gundi ikimsumbua kutoka, akaketi kati yetu wawili. Nikasema bismillahi kimoyomoyo, Bwana Mutua akafumba macho akaombea chakula kwa Kiingereza chake cha kanisani. Msichana mmoja akauliza kama Bwana Kesho ataongezewa maharagwe.

"Leo," Barasa akasema, akasogeza sahani yake. "Niongezee leo."

Alikula chapati tatu. Mtandao ulikuwa unakwenda, na hakuna aliyeutaja.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akujaalie masikio kabla ya mikono, akupe mkubwa wa kazi anayevaa koti akaenda nawe, na asiruhusu riziki ya mtu yeyote ikatwe na kitu ulichokifunga ukakisahau. Akuzungushie majirani wema kwa juu na kwa chini, nawe uwe mwema kwao. Amin.